Mfalme Aliyekosa wa Kumlilia

Tarehe 26 Juni, 1830, Mfalme George wa Nne wa Uingereza alifariki dunia katika jumba la Windsor. Baada ya maziko yake gazeti la The Times la London liliandika waziwazi kwamba hajapata kufa mtu aliyesikitikiwa kidogo na wanadamu wenziwe kama mfalme huyo. Likauliza ni jicho gani lililomtoka chozi.

Yuko atakayesema kwamba Waingereza wa siku zile walikwisha kuchoshwa na ukoo mzima wa kifalme. Hivyo sivyo. Novemba 1817, Charlotte, binti wa pekee wa huyo George, alikufa kwa uzazi akiwa na miaka 21, na mtoto wake wa kiume alizaliwa mfu. Nchi nzima ililia, na nguo nyeusi zikaadimika madukani. Raia ni wale wale, na nyumba ni ile ile. Binti alililiwa, baba hakulilwa. Kwa nini?

George alizaliwa mwaka 1762, kifungua mimba wa watoto 15 wa Mfalme George wa Tatu. Baba alikuwa mtu wa kubana matumizi. Mwana alipenda karamu, kamari, farasi na majumba. Mwaka 1785 alimwoa kwa siri Bibi Maria Fitzherbert, mjane Mkatoliki, bila ya idhini ya mfalme iliyotakiwa na sheria ya 1772. Mwaka 1787 alipotaka Bunge limlipie madeni, rafiki yake Charles Fox alisimama Bungeni akakana kuwa ndoa hiyo ipo. Bunge likatoa pauni 161,000 kwa madeni hayo. Bibi yule akabaki na aibu yake.

Kufika 1795 madeni yalikwisha kupita pauni 600,000. Ili yalipwe, akakubali kumwoa Caroline wa Brunswick, binti wa shangazi yake, ambaye hakupata kumwona. Alipomwona mara ya kwanza aliomba aletewe pombe kali. Charlotte alizaliwa Januari 1796, na wazazi wake wakaachana muda mfupi baadaye.

Mwaka 1811 baba yake alikuwa amerukwa na akili, naye George akashika utawala kwa niaba yake. Nchi ilikuwa vitani na mkate ulikuwa ghali. Lakini yako magazeti yaliyomsifu kupita kiasi. Wahenga walisema: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwaka 1812 Leigh Hunt, mhariri wa gazeti la The Examiner, alichoshwa na sifa hizo. Aliandika kwamba mtu huyu anayesifiwa amezama katika madeni, havunji ila ahadi, na kwa nusu karne hajafanya jambo hata moja la kushukuriwa na nchi yake. Leigh Hunt na ndugu yake John wakashitakiwa. Februari 1813 kila mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka miwili na faini ya pauni 500.

Mtawala aliyezibiwa masikio haoni hatari. Agosti 1819, askari wa farasi waliuvamia mkutano wa maelfu ya raia mjini Manchester, waliokuja kudai haki ya uwakilishi Bungeni. Watu wapatao 15 waliuawa na mamia wakajeruhiwa. George aliwapelekea mahakimu wa pale shukrani zake.

Alipopata ufalme mwaka 1820, alitaka Bunge limvue Caroline umalkia na kuivunja ndoa kwa madai ya uzinzi. Caroline naye hakuwa malaika, na baadaye alipokea pauni 50,000 kwa mwaka. Lakini raia waliona mzinzi akimhukumu mzinzi, wakasimama upande wa mwanamke. Katika Baraza la Malodi muswada ulipita kwa kura 9 tu, na serikali ikauondoa. London ikawasha taa kwa furaha. Julai 1821, siku ya kutawazwa mfalme, malkia alizuiwa mlangoni pa kanisa la Westminster. Alikufa majuma matatu baadaye. Serikali ilitaka jeneza lisipite katikati ya jiji; umati ukalazimisha lipite, na watu wawili wakapigwa risasi na askari wakafa.

Haki ni haki: mfalme huyu alijua sanaa na majengo, na mwaka 1829 aliitia sahihi, ingawa kwa shingo upande, sheria iliyowafungulia Wakatoliki mlango wa Bunge. Lakini hayo hayakutosha kumpatia mtu wa kumlilia.

Sasa, ndugu msomaji, pima jambo hili. Aliyoyasema Hunt mwaka 1812 na yaliyosemwa na The Times mwaka 1830 hayakutofautiana sana. Wa kwanza alitiwa gerezani. Wa pili hakuguswa. Tofauti ni kwamba mfalme alikwisha kufa.

Kweli isemwayo juu ya kaburi haimrudishi mtawala njiani, wala haiwafufui wale wa Manchester. Kweli humfaa mtawala angali hai, angali na nafasi ya kujirudi. Anayemwambia leo ndiye mpenzi wake. Wasifuji wa George walikula naye karamu miaka yote, na siku ya kulia hawakuonekana.