Dada, Huyo Sungura Hachekeshi, Anaumwa

Wadau, leo naweka kando habari za nani kaachana na nani. Kuna klipu inatembea tangu wiki iliyopita, na kama simu yako ina bando basi umeshaiona. Sungura mweupe wa yule dada yetu mrembo (sitaji jina, mnamjua, yule wa kope ndefu na kapeti jeupe) anapiga chafya mfululizo, chini kawekewa muziki wa kuchekesha. Watu wamemwaga makopa. "Jamani, kanapiga chafya kama katoto!" Hii ni klipu ya nne ya chafya. Ya kwanza aliiposti zaidi ya miezi mitatu iliyopita.

Mafua gani ya miezi mitatu?

Rudieni klipu, ila safari hii msiangalie pua. Angalieni miguu ya mbele, upande wa ndani. Manyoya yameshikana, yamekuwa kama brashi iliyokaukia gundi. Sungura hana leso. Kamasi likimtoka anajifuta kwa mikono, siku nzima, ndiyo maana daktari wa mifugo anayewajua sungura huigeuza ile mikono kabla hujamaliza kujieleza. Halafu jicho la kushoto lina machozi. Kwa sungura mfereji wa machozi unapita karibu kabisa na mizizi ya meno ya juu, kwa hiyo jicho linalolia linaweza kuwa linasema habari za pua, au za jino. Hayo yote yapo kwenye klipu ya sekunde 15, na watu maelfu wameangalia wakaona cute. Samahani, wakaona "kazuri".

Sasa nitoe elimu kidogo, mtanisamehe. Mafua ya sungura si mafua yako ya kulala na tangawizi ukaamka mzima. Mara nyingi ni bakteria, na anayetajwa zaidi anaitwa Pasteurella multocida, ingawa wapo na wengine kama Bordetella. Sungura wengi wanaishi nao puani bila shida. Siku kinga ikishuka, kwa joto, kwa kuhamishwahamishwa, kwa hofu, kwa hewa chafu, ndipo wanapoamka. Usaha wa sungura ni mzito, si majimaji, na ukijikusanya ndani ya vijumba vya pua dawa inapata tabu kuufikia. Ukiuacha, unaweza kwenda sikio la ndani, na sungura akaanza kutembea shingo imepinda. Unaweza kushuka mapafuni. Na kumbukeni huyu mnyama anapumua kwa pua. Ukimwona kafungua mdomo anahema, hiyo si staili, hiyo ni dharura ya dakika hiyohiyo.

Na hewa ya pale kwenye klipu ikoje? Kibanda kiko pembeni ya kitanda, chetezo cha udi kinafuka hatua mbili kutoka kwenye pua ya mnyama, dada anajipulizia pafyumu huku anaongea na mashabiki. Chini maranda ya mbao yenye vumbi. Mkojo wa sungura ukikaa unatoa amonia, ile harufu inayokuchoma macho, na yeye analala juu yake. Udi napenda, mimi ni mtu wa pwani. Lakini fukiza sebuleni.

Sasa nije kwa aliyenikera zaidi, na siye dada. Ni yule kaka mwenye alama ya bluu ambaye kazi yake inayojulikana ni kuchambua mavazi ya harusi za watu. Alishuka kwenye komenti: "Mpe amoksilini ya famasi, nusu kidonge asubuhi nusu jioni, atapona." Komenti ikapendwa kuliko klipu yenyewe.

Hiyo komenti naijua vizuri kwa sababu mimi niliwahi kuifuata, iliyoandikwa na mtu mwingine, miaka kadhaa nyuma. Sungura wangu alikuwa wa kijivu, tulimwita Bosi. Alipiga chafya wiki mbili. Nikanunua vidonge duka la dawa, muuzaji hakuuliza ni vya nani, nami sikusema. Nikafungua kidonge, nikachanganya unga wake na ndizi. Siku ya tatu choo kikawa maji. Siku ya nne hakugusa chakula, tumbo likajaa kama puto, usiku akafa mapajani kwangu akiwa anasaga meno kwa maumivu. Daktari nilimtafuta baadaye, nikitaka kujua tu. Akaniambia amoksilini ya kumeza, ampisilini, klindamaisini na ndugu zao huua bakteria wazuri wa utumbo wa sungura, wabaya wanachukua nafasi na kumwaga sumu. Sungura hawezi hata kutapika. Mafua pekee yasingemuua wiki ile. Nilimuua mimi, kwa ndizi.

Kwa hiyo kaka, rudi kwenye shela na suti.

Kinachotakiwa ni hiki. Daktari anamsikiliza kifua, anamtazama meno mpaka ya nyuma, anachukua majimaji ya ndani kabisa ya pua kwa kijiti na kuyapeleka maabara yaoteshwe, ijulikane ni bakteria gani na anauliwa na dawa gani. Ikibidi picha ya eksirei ya kichwa, kwa sababu meno ya sungura hayaachi kukua, na mzizi ukiwa na jipu utamwaga antibiotiki mwaka mzima bila faida. Zipo antibiotiki anazozimudu, enrofloksasini ni mojawapo, lakini dozi anapanga daktari kwa uzito wa mnyama, na si ya siku tano. Ni wiki kadhaa, wakati mwingine miezi. Mvuke wa maji ya chumvi kwa mashine husaidia kulainisha usaha. Na wapo ambao hawaponi moja kwa moja, wanatulia tu, kisha yanarudi. Hapo unatunza: nyasi kavu zisizo na vumbi, kibanda kikavu kila siku, hewa inayopita.

Najua mnachoandika sasa hivi huko chini. "Watu hawana hela ya hospitali, wewe unaongelea sungura." Hoja nzito, na ingetoka kwa mama mfugaji wa vibanda vitatu uani ningenyamaza. Lakini dada ametangaza kwa mdomo wake kwamba kope zile hubadilisha kila baada ya wiki tatu. Na huyu mnyama anamwingizia pesa, maana klipu ya tatu ilikuwa na tangazo la sabuni. Ni mfanyakazi wake. Mfanyakazi akiumwa kazini anatibiwa.

Wengine mtasema natafuta kiki kwa jina lake. Ndiyo maana jina sijalitaja.

Dada, madaktari wa mifugo wapo mjini. Mpigie mmoja leo, muulize kwanza kama anatibu sungura, akisema hapana akuelekeze kwa mwenzake. Akiacha kula hata nusu siku, usisubiri asubuhi. Halafu klipu ya tano tuonyeshe ile mikono ya mbele ikiwa mikavu. Hiyo nitaipa kopa mimi mwenyewe.