Kosa Si la Kiswahili

Ni ada ya watu wengi, mtoto akosapo Kiingereza, kuitia lawamani lugha anayoisema njiani. Husemwa, "Kiswahili kimemharibu." Nimelisikia neno hili mara nyingi tangu nilipotoka chuo cha ualimu, na zamani nililisema mwenyewe. Leo naliona kuwa ni dhuluma, na katika insha hii nakusudia kulipinga.

Nafundisha Githurai 45, mtaa wa Ruiru uliochukua nambari ya matatu ziendazo huko kutoka Nairobi. Kando yake yapita barabara kuu ya Thika, iliyofunguliwa rasmi mwaka 2012 baada ya kupanuliwa, na magari hupita humo mchana na usiku kama maji ya mafuriko. Asubuhi moja msichana wa kidato cha pili aliacha barua mezani kwa mwalimu wa zamu, akarudi kwao mbio. Barua ilikuwa ya Kiingereza, nayo ilisema hivi: "My brother may have been killed by a lorry yesterday." Mwalimu aliyeisoma alinijia akitetemeka. Tulifunga safari sisi wawili, tukapita sokoni, tukavuka reli, na njia nzima tulikuwa tukitafuta maneno ya kumpa pole mama mfiwa. Tulipofika tulimkuta mvulana ameketi mlangoni, goti limefungwa kitambaa, anakunywa uji. Mama yake alituambia, "Karibuni, walimu. Mbona nyuso zenu zimekuwa hivyo?"

Tulirudi tukiwa na furaha na hasira pamoja. Mwenzangu alisema lile neno la siku zote, kuwa Kiswahili kimemharibu mtoto. Kesho yake nilimwita msichana, nikamwambia, "Haya, mwanangu, niambie habari ile kwa Kiswahili." Alijibu bila kusita, "Mwalimu, ndugu yangu nusura auawe na lori. Asingaliruka, angalikufa."

Tazama, msomaji, jinsi jawabu hilo lilivyo safi. Katika neno moja, "angalikufa," mmekusanyika habari tatu: nani anayetajwa, kwamba wakati wake umepita, na kwamba jambo lenyewe halikuwa. Hapana mama atakayelisikia neno hilo akaanza kulia matanga. Kwa Kiingereza maneno aliyoyaandika yule msichana yana maana ya "huenda ameuawa," yaani msemaji hana hakika, na mlango wa msiba u wazi. Alitakiwa aandike "could have been killed," au aseme kwa ukamilifu kwamba "he would have been killed if he had not jumped." Tena Kiingereza kina "might have," ambayo mara huwa na maana ya jambo lisilojulikana, na mara huwa na maana ya jambo ambalo halikuwa. Hata Mwingereza hana budi kuyasikia maneno yanayoizunguka ndipo ajue ipi ndiyo. Basi lugha ipi ilimtia giza mtoto huyu? Kiswahili chake kilikuwa na nuru. Alichokosa ni mtu wa kumwonyesha daraja kati ya lugha hizi mbili, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Lipo kosa la pili ambalo kila mwalimu wa Kiingereza nchini mwetu alijua. Mwanafunzi huandika, "If I would have known, I would have come." Tunalipiga msitari mwekundu, tukapita. Lakini kosa hili lina sababu yake. Kwa Kiswahili twasema, "Ningalijua, ningalikuja." Alama ile ile hukaa pande zote mbili, kama mizani yenye uzito sawa. Kiingereza hakikubali usawa huo, upande wa sharti chataka "If I had known," na upande wa tokeo ndiko chataka "I would have come." Mtoto amebeba mizani ya kwao akaipeleka ugenini. Hilo si tendo la mjinga. Mwambie mara moja mahali zinapoachana njia, naye atakumbuka kuliko kwa misitari mia ya wino mwekundu.

Na wenye Kiingereza nao hukosa papo hapo. Wako wengi waandikao "would of" mahali pa "would have," kwa kuwa sikio husikia hivyo. Na Marekani watu wengi husema "If I would have known" sawa na wanafunzi wangu. Sijapata kusikia hata mmoja akiambiwa kuwa Kiingereza kimemharibu.

Huenda mtu akanijibu kwamba Kiingereza sharti kifundishwe kwa Kiingereza tupu, na Kiswahili kingoje nje. Fikira hiyo ni kongwe, na matunda yake twayajua. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, mzaliwa wa Limuru katika kaunti hii yetu ya Kiambu, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986, Decolonising the Mind, jinsi wanafunzi wa zama zake walivyochapwa au kuvishwa kibao cha aibu shingoni kwa kusema Kikuyu shuleni. Lugha haijifunzwi vema kwa kuidharau nyingine. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imefanya Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi zote mbili. Kwa nini darasani moja imfungie mwenziwe mlango?

Mwingine atasema kwamba watu wenyewe wamekwisha kuiacha -ngali-, na kwamba -nge- yatosha kwa yote. Nakiri kuwa mitaani twasikia "ningekuja jana," na hata Pwani wasemaji huchanganya, na wako wasemao -ngeli-. Simcheki mtu kwa hayo. Lakini shule haiwezi kutupa chombo chema kwa sababu wengine hawakitumii. Nikimwambia mwanafunzi, "Ungesoma, ungefaulu," nimemwachia nafasi ya kuanza leo. Nikimwambia, "Ungalisoma, ungalifaulu," mtihani umepita na majuto ni mjukuu. Ajuaye tofauti hiyo kwa lugha yake hatasumbuka sana kuambiwa kwamba Kiingereza nacho hutenga "if you studied" na "if you had studied." Asiyeijua atafundishwa mambo mawili kwa wakati mmoja, naye atayakosa yote mawili.

Nina deni katika jambo hili. Ningaliyafahamu haya nilipoanza kazi, watoto wengi walioona haya mbele yangu wasingaliona haya. Hayo yamepita, na -ngali- ndiyo alama yake. Bali ninyi mnaosoma sasa, mngezishika lugha zote mbili kwa mikono miwili, hapana ambaye angethubutu kuwaambia kuwa moja imewaharibu. Hiyo ni -nge-, nayo ingali mikononi mwenu.