Umeme Juu ya Paji la Mtoto Aliyelala



Wapo watoto wasioweza kutulia hata kwa muda wa kumaliza sahani moja ya wali. Huanza kazi kumi wasikamilishe hata moja. Mwalimu anapoandika hesabu ubaoni, wao wamekwisha kumfuata kwa macho ndege aliye nje ya dirisha. Madaktari huiita hali hiyo ADHD, yaani upungufu wa umakini uambatanao na utukutu uliopita kiasi, nao huihesabu kuwa hali ya ukuaji wa ubongo, wala si tunda la malezi mabaya. Twalisema hili mapema kwa sababu wengi miongoni mwetu bado wanaamini kwamba tiba yake ni kiboko. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Vidonge vipo, navyo huwasaidia watoto wengi. Lakini vyaweza kupunguza hamu ya kula na kuvuruga usingizi, na mzazi husita kumpa mtoto wa miaka minane kidonge kila kunapokucha. Kusita huko twakuelewa. Ndiyo maana habari iliyotoka Marekani mwezi Aprili 2019 iliwagusa wazazi wengi. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo, FDA, iliruhusu kuuzwa, kwa cheti cha daktari, kifaa kiitwacho Monarch eTNS kwa ajili ya watoto wa miaka 7 hadi 12 wasiotumia dawa za ADHD. Kifaa chenyewe kina ukubwa wa simu ya mkononi. Waya hutoka humo hadi kwenye kibandiko kinachowekwa juu ya nyusi mtoto anapokwenda kulala, na umeme hafifu huuchochea mshipa wa fahamu unaopeleka hisia za uso, kwa tumaini kwamba ishara zitafika katika sehemu za ubongo zinazotawala umakini. Hakuna kisu wala sindano. Bei ilitajwa kuwa takriban dola 1,000, na bima wakati huo hazikuilipia.

Ruhusa hiyo ilisimama juu ya nini? Juu ya watoto 62, waliofuatiliwa kwa majuma manne na watafiti wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles. Katika mizani ya dalili, wale waliovaa kifaa halisi walishuka kutoka wastani wa alama 34.1 hadi 23.4. Ni nafuu ya kweli machoni pa mama yeyote. Lakini wapo wenzao waliopewa kifaa bandia, kinachofanana na kile cha kweli kwa sura tu, nao pia walishuka kutoka 33.7 hadi 27.5.

Tusilipite jambo hili haraka. Zaidi ya alama sita zilipungua pasipo tiba. Hatuamini kwamba wazazi hao walidanganya. Kila usiku walikaa kitandani pa mtoto, wakambandika kile kibandiko kwa mikono yao, na asubuhi wakamtazama kwa jicho la kutafuta jema. Mtu anayetafuta jema kwa mtoto wake huliona, na pengine mtoto anayetazamwa hivyo hutulia kidogo kweli. Tumaini ni kitu chema. Ila si kipimo. Kwa hiyo tofauti iliyobaki kati ya makundi mawili, katika watoto wachache hivyo na kwa muda mfupi hivyo, ilihitaji kupimwa tena kabla ya mtu kuifungulia duka.

Ilipimwa tena Uingereza. Profesa Katya Rubia wa King's College London na wenzake, wakishirikiana na wale wa Chuo Kikuu cha Southampton, waliwachukua watoto na vijana 150 wenye umri wa miaka 8 hadi 18. Safari hii hata kundi la kulinganishia lilipata umeme kidogo mno, usiotosha kutibu, ili asiwepo wa kukisia amepewa kipi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2026 katika jarida la Nature Medicine: kifaa halisi hakikuzishinda dalili za ADHD kuliko kile cha bandia. Madhara makubwa hayakuonekana. Faida nayo haikuonekana. Rubia alikuwa amekwisha kushiriki katika jaribio jingine lililochapishwa mwaka 2021, la kupitisha umeme hafifu kichwani kwa wavulana 50 wenye ADHD huku wakifanya mazoezi ya akili kwa vipindi 15. Nalo halikuleta nafuu iliyotarajiwa. (Mtafiti anayetangaza kwamba alichokitumaini hakikufaa, kwetu sisi ni mtu wa kuheshimiwa sana.)

Shida yetu, basi, iko katika ile miaka takriban saba iliyopita katikati. FDA ilikipitisha kifaa hicho kwa njia iliyowekwa kwa vifaa vipya vyenye hatari ndogo au ya wastani, na kwa vifaa vya namna hiyo ushahidi mdogo huweza kutosha. Mzazi hazijui njia hizo. Asikiapo neno "kimeruhusiwa", moyoni mwake husikia "kinaponya". Mfa maji haachi kutapatapa, na anayemuuzia kamba analijua hilo. Twaona ni haki kudai kwamba kitu kinachowekwa juu ya paji la mtoto kila usiku kithibitishwe na zaidi ya watoto 62 kabla ya kuandikiwa bei, hata kama hakimdhuru. Fedha hupotea, na muhula wa shule haurudi.

Mwongozo wa kitaifa wa Uingereza wa mwaka 2018 unaanza na mambo yasiyo na mng'ao. Wazazi wafundishwe kuhusu hali hiyo, na mazingira ya mtoto, kama vile mahali anapoketi darasani na urefu wa kazi anayopewa kwa mara moja, yarekebishwe. Dawa huja ikiwa dalili bado zinamlemea. Mwalimu yeyote aweza kesho kumhamisha mtoto kutoka dirishani hadi dawati la mbele, na kumpa hesabu tatu badala ya ishirini kwa mpigo mmoja.