Muuguzi mpya Lurambi: Kazi tele, ajira adimu

Kila muhula wa chuo unapoanza, matatu zinazosimama Lurambi, kwenye barabara ya Kakamega kuelekea Webuye, huteremsha vijana waliobeba magodoro, mabegi na mitungi midogo ya gesi. Wengi wao ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro. Hata hivyo, miongoni mwao hawakosi wachache ambao masomo wamekwisha kuyahitimisha. Hao ni wauguzi waliofuzu karibuni, waliotoka Kisii, Siaya au Machakos kuja kuanza kazi, au kuitafuta, mjini Kakamega ambao umo ndani ya eneobunge hili la Lurambi.

Mbele ya mwenye nyumba, makundi haya mawili hayana tofauti. Wote wanataka chumba kimoja chenye maji na stima, na wote hudaiwa amana kabla ya kukabidhiwa ufunguo. Tofauti hudhihirika baadaye. Mwanafunzi anajua ataondoka mwaka gani. Muuguzi hajui, na aghalabu hata mwajiri wake hawezi kumwambia.

Lurambi ni mahali palipozoea wapita njia. Chuo kilichoanzishwa mwaka wa 1972 kwa jina la Western College of Arts and Applied Sciences, ambacho wenyeji wa makamo bado hukiita WECO, kilifanywa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi mwaka wa 2002. Mnamo 2007 kikawa chuo kikuu kamili, kikipewa jina la mwanasiasa Masinde Muliro aliyefariki 1992. Kadiri wanafunzi walivyoongezeka, ndivyo mashamba ya mahindi yaliyokuwa kandokando yalivyogeuzwa ploti za nyumba za kupanga. Mtaa wa Kefinco uliachiwa jina lake na mradi wa maji uliofadhiliwa na Finland katika miaka ya themanini. Leo ukimtajia mwendeshaji bodaboda jina hilo hatafikiria visima, atafikiria wanafunzi.

Uchumi wa namna hii hufuata kalenda ya chuo. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kutokana na korona, wafanyabiashara wa miji ya vyuo kote nchini walionja maana ya kumtegemea mteja wa aina moja. Lakini hospitali haina likizo. Muuguzi anayetoka zamu saa mbili usiku katika mwezi ambao wanafunzi wamekwenda kwao hupita vichochoro vitupu, vibanda vya chakula vimefungwa, na nauli ya bodaboda humla sehemu ya mshahara ambayo hakuna aliyemtajia alipokuwa akisaini kandarasi.

Hilo la kandarasi ndilo kiini cha mjadala huu.

Kabla ya 2013, muuguzi wa serikali alipokea barua kutoka Wizara ya Afya ikimwelekeza aripoti Lodwar, Garissa au Kakamega. Hakuulizwa anapenda wapi. Wengi walinung'unika, na walikuwa na haki ya kunung'unika, lakini barua ile ilikuwa na pensheni ndani yake. Katiba ya 2010 iliihamishia kaunti sehemu kubwa ya huduma za afya, na baada ya uchaguzi wa 2013 uajiri wa wauguzi ukawa mikononi mwa bodi za utumishi wa umma za kaunti. Mafunzo na leseni vilibaki chini ya taasisi za kitaifa. Ikawa kwamba anayezalisha wauguzi si yule anayewaajiri, na hakuna kati yao anayelazimika kumwuliza mwenzake hesabu.

Wakati huohuo, kazi yenyewe iliongezeka. Mnamo Juni 1, 2013, serikali ya kitaifa iliondoa ada za kujifungua katika hospitali za umma. Kakamega, chini ya gavana wake wa kwanza Wycliffe Oparanya, ilizidisha hapo kwa mpango wa Imarisha Afya ya Mama na Mtoto, ambao ulimpa mama maskini Sh2,000 kwa kila moja ya awamu sita za kufika kliniki, kuanzia ujauzito hadi mtoto anapokua. Ulikuwa mpango wa busara, na wengi waliusifu. Lakini mama aliyekuwa akijifungulia nyumbani kwa mkunga wa kijiji anapoamua kwenda zahanati, lazima amkute mtu pale. Pesa za kumvuta mama zilitafutwa. Pesa za kumlipa muuguzi wa kumpokea hazikufuata kwa kasi hiyo.

Badala yake yalikuja mapatano ya muda. Mwaka wa 2020, maelfu ya wahudumu wa afya waliajiriwa kote nchini chini ya mpango wa Afya kwa Wote, kwa kandarasi za miaka mitatu. Kandarasi hizo zilipoisha ziliongezwa, na malalamiko nayo yakaongezeka. Mnamo 2025 wahudumu hao walipiga kambi nje ya Afya House, Nairobi, wakidai ajira ya kudumu na malipo yaliyo sawa na ya wenzao, huku serikali ya kitaifa na kaunti zikivutana kuhusu nani atabeba mzigo wa mishahara. Waliokuwa wakipima damu na kuzalisha akina mama kwa miaka mitano walikuwa bado wanaitwa wafanyakazi wa muda.

Kuna jambo jingine ambalo kijana anayehama hugundua akiwa amekwisha kulipa amana. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, katika kifungu cha 65, inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kazi za ngazi ya kuingilia zipewe watu wasiotoka katika jamii iliyo kubwa zaidi kwenye kaunti husika. Kifungu hicho ndicho mlango wa mgeni. Lakini mzazi wa Butsotso aliyemsomesha bintiye uuguzi kwa pesa za miwa, kabla kiwanda cha Mumias hakijawekwa chini ya mrasimu mwaka wa 2019, naye ana swali lake: kwa nini wa kwangu yuko nyumbani na leseni mfukoni? Si chuki, ni hesabu ya nafasi chache mno. Kupuuza swali la mzazi huyu ni kosa, kama ilivyo kosa kumfanya mgeni alipie uhaba ambao hakuusababisha.

Hata aliyeipata nafasi hafungui njia ya kurudi kwao. Akitaka kuhamia kaunti nyingine, sharti mwajiri wake akubali kumwachilia na mwingine akubali kumpokea. Sheria ya Afya ya 2017 iliunda baraza la kushauri kuhusu uhamisho wa aina hiyo, lakini ushauri haulipi mshahara.

Yapo pia mambo madogo yasiyo madogo. Sisi wa magazeti tumezoea kuandika Waluhya, kana kwamba ni watu wa ndimi moja. Wodini, nyanya aliyetoka Shinyalu huzungumza Kiisukha, wa Malava Kikabras, wa Mumias Kiwanga. Muuguzi mgeni husalimu kwa "mulembe" kisha hulazimika kurudi katika Kiswahili, na mara nyingine kumwita mfagiaji aje kutafsiri mahali penye maumivu. Huchukua mwaka mmoja au miwili kuzoea. Kandarasi fupi humwondoa muuguzi wakati hasa anapoanza kuelewa wagonjwa wake.

Haishangazi basi kwamba wengi hutazama nje. Mkataba wa Kenya na Uingereza wa Julai 2021 kuhusu wahudumu wa afya, na ule wa Ujerumani wa Septemba 2024 kuhusu wafanyakazi wenye ujuzi, viliwapa vijana hawa sababu ya kuweka pasipoti tayari. Hupenda kuambiwa kwamba wanakimbilia mishahara minono. Ni kweli kwa sehemu. Lakini mgomo wa wauguzi wa 2017, uliodumu kuanzia Juni hadi Novemba, uliwafundisha waliokuwa bado darasani kwamba hata makubaliano huweza kudaiwa barabarani kwa miezi mitano. Kwa maoni ya mwandishi huyu, kandarasi inayosema wazi itaisha lini na nini kitafuata ingewazuia wengi kuliko nyongeza ndogo ya marupurupu.

Kakamega ilipanga kujenga hospitali ya mafunzo na rufaa yenye vitanda 750, mradi ulioanza enzi za Oparanya na kukwama kwa miaka kwa ukosefu wa fedha. Viongozi wameujadili mara nyingi, na mara nyingi mjadala huwa kuhusu saruji, mwanakandarasi na bilioni zilizokwisha kutumika. Ni nadra kusikia ni wauguzi wangapi watakaosimama kando ya vitanda hivyo, na kwa masharti gani ya kazi. Aliyelipa amana Kefinco mwezi jana angependa kulijua hilo kabla hajanunua kitanda chake mwenyewe.