Mafuta ya Hoima na Karatasi Isiyosomeka

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mafuta ya kutosha biashara yalipogunduliwa kandokando ya Ziwa Albert mwaka 2006, wengi nchini Uganda waliamini kwamba mgeni huyo amefika. Sisi twauliza: je, mwenyeji amepona?

Mafuta hayo si habari ya jana. E. J. Wayland, mjiolojia wa serikali ya kikoloni, aliandika tangu miaka ya 1920 juu ya mafuta yaliyokuwa yakichuruzika huko, na kisima kirefu cha kwanza kilichimbwa Butiaba mwaka 1938. Lililo jipya ni haraka. Hoima ilitangazwa kuwa jiji mwaka 2020. Bei za viwanja na kodi za nyumba zikapanda. Huko Kabaale, watu 7,118 wa vijiji 13 walitwaliwa ardhi ili kupisha kiwanda cha kusafisha mafuta, na waliochagua shamba badala ya fedha walingoja kwa miaka. Nao walio katika njia ya bomba la kilomita 1,443, litokalo Kabaale hadi Chongoleani, Tanga, walithaminiwa mali zao, wakakatazwa kupanda mazao ya kudumu, kisha fidia ikakawia.

Wapo wasemao kwamba hayo hayawahusu walimu wa lugha. Twakataa. Mwaka 2023 shirika la Human Rights Watch lilieleza habari za wakulima waliotia sahihi hati za Kiingereza wasizoweza kuzisoma. Ridhaa pasipo ufahamu si ridhaa.

Hatusemi Kinyoro wala Kigungu viachwe. Mwenye shamba na aelezwe kwanza kwa lugha ya mama yake. Lakini bomba lavuka mpaka, na mkulima wa Hoima hana budi kulinganisha malipo yake na ya mwenziwe wa Tanga. Lugha ya kufanyia hivyo ipo. Julai 2022, miezi mitano baada ya uamuzi wa mwisho wa uwekezaji kutiwa sahihi, Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni.

Basi twadai hati hizo ziandikwe kwa Kiswahili pia. Nasi walimu tusiishie kwenye salamu na ngeli. Tufundishe fidia, uthamini, mkataba na rufani. Mwanafunzi asiyeweza kumsomea babaye karatasi ya shamba, tumemfunza nini?