Fumbo Nalo Hufundisha

Wako wenzetu katika kazi ya ualimu ambao, wakimwona kijana ameinamia mchezo wa video, husema papo hapo kwamba anapoteza wakati. Mara nyingi husema kweli. Hata hivyo haifai hukumu kutolewa kabla ya kesi kusikilizwa. Tuitazame michezo ya mafumbo iliyotungwa kwa ajili ya kufundisha Kijapani.

Irabu za lugha hiyo ni tano, zinazokaribiana na zetu, kwa hiyo matamshi hayatutishi sana. Kazi iko katika maandishi. Hiragana na katakana zina alama za msingi 46 kila moja. Juu yake kuna kanji, alama zenye asili ya China. Orodha ya serikali ya Japani ya mwaka 2010 ilitaja kanji 2,136 za matumizi ya kawaida, na watoto hufundishwa 1,026 katika miaka sita ya shule ya msingi. Mtu mzima mwenye kazi zake, akikabidhiwa orodha hiyo aikariri, atakata tamaa mapema.

Mchezo wa mafumbo hushika njia nyingine. Tuseme mchezaji amewekwa katika kituo cha treni chenye milango miwili. Kibao kimoja husomeka iriguchi, cha pili deguchi, wala hakuna tafsiri. Akiona watu wanaingia kwa mlango huu na kutoka kwa ule, maana huitambua mwenyewe. Kisha hugundua kwamba vibao vyote viwili vina alama moja yenye umbo la mraba, ambayo ikiwa peke yake ni kuchi, yaani mdomo. Baadaye hukuta alama ya mtu imefuatwa na hiyo ya mdomo, naye hutakiwa afumbue. Jibu ni jinkō, yaani idadi ya watu. Mtumishi wa serikali aliyewahi kushiriki sensa hatalisahau neno hilo.

Siri ni kwamba mwanafunzi hakupewa maana, bali aliitafuta. Alichokitafuta mwenyewe hakimtoki upesi.

Pamoja na hayo, tusidanganyike. Alama ya mtu husomwa hito ikiwa peke yake, lakini katika maneno ya kuungana mara nyingi husomwa jin au nin. Tena kanji nyingi zina sehemu inayoashiria sauti wala si maana, hivyo anayekisia kwa picha tu hupotea njia. Zaidi ya hayo, Kijapani kina namna moja ya kusema na rafiki na nyingine ya kusema na mkubwa. Fumbo laweza kutaja kanuni hiyo, lakini adabu yenyewe hukomaa mbele ya watu. Anayemaliza mchezo bila kuzungumza na mtu amejifunza kusoma vibao tu.

Ndugu walimu, somo hapa halihusu mashine. Ni mara ngapi tumeandika neno ubaoni, tukaandika maana yake kando, tukaliamuru darasa zima liimbe, kisha tukalaumu wanafunzi kwa kusahau? Vipande vya karatasi na chaki vyatosha kutunga fumbo. Kinachohitajika ni mwalimu mwenye subira ya kulificha jibu mpaka mwanafunzi alifikie kwa akili yake mwenyewe.