Longjing Ibaki Longjing

Anayeshauri majina yote ya chai ya Kichina yafasiriwe kwa Kiingereza, ili mnunuzi aelewe, angeuliza kwanza huku Kolwezi. Mwaka 1971 mkoa wetu wa wakati huo, Katanga, uliitwa Shaba: jina likataja madini, mahali pakamezwa, hadi 1997 Katanga iliporudi. Longjing, jina la chai lenye maana ya kisima cha joka, ni kijiji cha Hangzhou, China; ukilifasiri jina hilo unampa mnywaji joka na kumnyima kijiji. Chai ya Tieguanyin ndiyo imeharibiwa zaidi: Guanyin, bodhisatva wa Wabuddha, kwa Kiingereza amegeuzwa mungu wa kike. Mshauri huyo atajibu kwamba mgeni hataelewa. Mbona neno “chai” lenyewe asili yake ni China, na sokoni hakuna anayeliulizia maana? Jina liachwe, maelezo yaandikwe chini yake.